Tarakilishi: Mgeni Apewe Jembe Siku ya Tatu

Muhula uliopita, mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili alibisha mlango wa ofisi yangu akiwa amebeba daftari nene lililochakaa pembeni. Utafiti wake ulihusu jinsi wanafunzi wa shule za upili wanavyotumia virejeshi: ni lini huandika "mtu ambaye alikuja", na ni lini huandika "mtu aliyekuja". Alikuwa amekusanya insha 320 na kuzipiga chapa zote kwenye tarakilishi, kila insha katika faili yake. Kisha, kwa muda wa wiki saba, alikuwa akizifungua moja baada ya nyingine kwa kipanya, akisoma, akihesabu, akichora vijistari daftarini, akifunga na kufungua nyingine. Alipozipita insha 200 ndipo alipong'amua kwamba tangu mwanzo alikuwa amesahau kulihesabu umbo "ambapo". Alikuja kuniuliza iwapo ingembidi aanze upya.

Nilimwomba anikabidhi faili zake. Bahati njema alikuwa amezihifadhi kama matini tupu, bila mapambo. Nilifungua lile dirisha jeusi ambalo wengi huliogopa, lisilo na picha hata moja, nikaandika mstari mmoja, nikabonyeza. Kabla hajaketi vyema kitini, orodha ya kila neno linaloanza kwa "amba" katika insha zote 320 ilikuwa mbele yetu, kila neno likiandamana na jina la faili lilimotoka. Ni kweli kwamba mashine haikujua tofauti kati ya "ambaye" na "ambatana". Kazi ya kupepeta mchele na chuya ilibaki kuwa yetu. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya alasiri moja.

Nilidhani angefurahi. Aliitazama skrini kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Daktari, wiki saba zote hizo. Mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu la maana. Nilikuwa nimechukulia kwamba mambo ya tarakilishi ni ya idara nyingine, na kwamba kazi yangu ni virejeshi. Swali lake limenikera moyoni tangu siku hiyo, nami nathubutu kusema kwamba haliwahusu wahadhiri pekee. Linamhusu kila mwalimu anayemkalisha mtoto mbele ya tarakilishi katika nchi hii.

Yafaa nieleze kwanza ninachokizungumzia. Kuna njia mbili kuu za kuwasiliana na tarakilishi. Njia ya kwanza, inayojulikana na wote, ni ya picha. Skrini hutandazwa madirisha, menyu na aikoni, naye mtumiaji huelekeza kipanya au kidole chake kwenye anachokitaka na kubofya. Njia ya pili ni ya amri andishi. Mtumiaji huandika amri kwa maneno, naye mtambo huitekeleza na kurejesha majibu kwa maneno. Njia ya amri ilitangulia. Mfumo wa Unix, ambao ni mzazi wa mifumo mingi tuitumiayo leo, ulianzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani, nao ulitegemea maandishi matupu. Njia ya picha ilikuwa ikichipuka wakati uo huo. Mnamo tarehe 9 Desemba 1968, Douglas Engelbart aliuonyesha umma kipanya mjini San Francisco. Mwaka 1973 watafiti wa kampuni ya Xerox wakaunda tarakilishi ya Alto iliyotumia madirisha na kipanya. Macintosh ikaingia madukani mwaka 1984, Windows ikafuata mwaka 1985, na toleo la Windows la mwaka 1995 likaieneza njia hiyo duniani kote.

Mimi ni wa kizazi kilichosimama mlangoni baina ya nyumba hizo mbili. Niliigusa tarakilishi kwa mara ya kwanza mwaka 1999, baada ya kumaliza kidato cha nne, katika chuo kidogo kilichokuwa juu ya duka la nguo. Somo la kwanza lilikuwa MS-DOS. Tulikariri "dir", "copy" na "del" kama watoto wa chuoni wakariripo alifu na be. Wiki ya nne tulihamishiwa kwenye mashine ya pembeni iliyokuwa na Windows, nasi tukashangilia kama watu waliotolewa kifungoni. Sikuwa na hamu ya kurudi gizani, na kwa miaka mingi sikurudi.

Kwa hivyo, msomaji asinidhanie kuwa miongoni mwa wale wanaoringa kwa kutumia vitu vigumu. Njia ya picha ni neema kubwa. Kila mwalimu anajua kwamba kutambua ni rahisi kuliko kukumbuka. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa na karatasi ya lugha yenye maswali ya kuchagua na karatasi ya insha. Katika ile ya kwanza, jibu sahihi limo mbele ya mtahiniwa. Kinachohitajika ni kulitambua. Katika ile ya pili, mtahiniwa hukabiliwa na ukurasa mweupe, na asichokuwa nacho kichwani hakimo popote. Menyu ya tarakilishi ni swali la kuchagua. Dirisha la amri ni ukurasa wa insha. Anayeketi mbele ya menyu kwa mara ya kwanza anaweza kupapasa na kufika. Anayeketi mbele ya dirisha jeusi kwa mara ya kwanza haambiwi chochote, hata salamu.

Lakini je, ni mwalimu gani wa Kiswahili aliyewahi kuridhika na mwanafunzi anayejua kuchagua A, B, C au D tu, asiyeweza kuunda sentensi yake mwenyewe? Hapa ndipo taaluma yangu ya isimu inaponilazimisha niingilie.

Tafakari kuhusu mgeni aingiaye soko la Kongowea bila kujua neno la lugha ya hapo. Atafanya nini? Atanyoosha kidole. Atapata nyanya, atapata vitunguu, na huenda asipunjwe. Kidole kinatosha kwa kitu kilichopo mbele ya macho. Sasa mtake aseme: "Nipe nyanya zote zilizoiva isipokuwa zilizopasuka, na kila Jumamosi uniwekee kiasi kicho hicho." Kidole hakiwezi. Hakuna namna ya kunyooshea kidole "zote", wala "isipokuwa", wala "kila Jumamosi", wala "iwapo". Hayo ni mambo ya lugha. Lugha ndiyo iliyompa binadamu uwezo wa kukitaja kisichokuwapo, kukijumlisha kilicho kingi na kuliagiza la kesho.

Kubofya ni kunyoosha kidole. Ndiyo maana mwanafunzi wangu alifungua faili mara 200 na zaidi: kila insha ilihitaji kidole chake. Mstari nilioandika ulikuwa na sarufi. Ulikuwa na kitenzi, yaani "tafuta". Ulikuwa na chagizo lililoeleza namna ya kutafuta. Na ulikuwa na shamirisho, yaani "faili zote". Neno hilo moja, "zote", ndilo lililookoa muda.

Wala amri haikomei kwenye sentensi moja. Mwaka 1973, kwa ushauri wa Doug McIlroy, mfumo wa Unix uliongezewa alama ndogo ya mstari wima inayoyafanya matokeo ya amri moja yapokelewe na amri inayofuata. Mimi huwaeleza wanafunzi wangu kwamba alama hiyo ni kama "ka" yetu ya masimulizi: akatafuta, akapanga, akahesabu, akaandika. Kila kitendo kinampokeza mwenzake, na kutokana na vitenzi vichache mtu huunda kazi ambazo aliyevibuni vitenzi hivyo hakuziwazia. Hiyo ndiyo sifa ya lugha yoyote ya binadamu. Menyu haiwezi kuwa na lisilowazwa na aliyeitunga.

Atatokea wa kuniambia kwamba hayo ni ya wasomi na kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kukariri amri. Huyo nitamwomba anyamaze kidogo akamtazame mama yangu mzazi. Mama hajawahi kukalia kiti mbele ya tarakilishi. Lakini akitaka kujua salio la simu yake ya rununu, hubonyeza *144# bila kuwaza wala kutazama miwani iko wapi. Akinunua kadi ya muda wa maongezi, hukwangua na kuandika *141*, kisha nambari ya siri ya kadi, kisha #. Na akitaka kumjazia mjukuu wake aliye mbali, huongeza nyota na nambari ya simu ya mjukuu kabla ya kufunga kwa #.

Walimu wenzangu wa sarufi, hebu itazameni amri hiyo. *141 ni kitenzi: "jaza". Nambari ya kadi ni shamirisho kipozi, kitu kinachojazwa. Nambari ya mjukuu ni shamirisho kitondo, yule anayefaidika. Na pindi inapoongezwa, "jaza" hugeuka kuwa "jazia". Mama yangu, ambaye hakufika darasa la nane, anatumia kauli ya kutendea katika lugha ya mitambo, na hakuna aliyempeleka darasani. Alifundishwa na jirani kwa maneno, kwenye ua wa nyumba, na jirani hakuhitaji kumwonyesha picha yoyote.

Hili la mwisho ni jambo la maana kuliko linavyoonekana. Amri inaweza kusemwa, kuandikwa ubaoni, kunakiliwa daftarini, kutumwa kwa ujumbe mfupi. Je, umewahi kumsaidia mtu kwa simu kutumia programu ya picha? "Bofya ile alama ya juu kulia. Siyo hiyo, ile nyingine. Unaiona yenye vidoti vitatu? Huna? Basi lako ni toleo jingine." Maarifa ya kubofya hukaa machoni na mkononi, nayo ni mazito kusafirishwa. Mwanafunzi wangu sasa ameuandika mstari ule katika sura ya tatu ya tasnifu yake, chini ya mbinu za utafiti, na yeyote atakayetaka kuyahakiki matokeo yake ataurudia neno kwa neno. Zile wiki saba za kubofya hazingeweza kuandikwa popote.

Wengine hushikilia kwamba picha haina kabila wala taifa, kwamba kila mtu huielewa. Sikubaliani nao. Waulize wanafunzi wa leo alama ya kuhifadhi kazi, kile kimraba chenye kibati, ni picha ya nini. Wengi hawajawahi kuiona diski laini maishani mwao. Wanajua tu kwamba alama hiyo "maana yake ni kuhifadhi", kama vile tujuavyo kwamba neno "mti" maana yake ni mti. Picha imegeuka kuwa neno, na neno lenyewe halina matamshi. Kabrasha la manjano, kikapu cha taka kilicho chini ya meza: hivyo ni vyombo vya ofisi ya Kimarekani vilivyochorwa na waliofanya kazi humo. Mtoto aliyelelewa Marsabit au Kuria anajifunza maana zake kama anavyojifunza msamiati wa kigeni. Aidha, kwa mwanafunzi asiyeona, picha isiyoambatishwa maneno ni bubu. Maandishi husomwa kwa sauti na programu za kusomea, au huguswa kwa vidole katika Breli.

Hata hivyo, mwungwana husema pande zote mbili. Nami nina deni la kuungama hapa.

Mwaka 2012, nikiandaa tasnifu yangu ya uzamifu, nilikwenda Vanga, kaunti ya Kwale, kurekodi lahaja ya Kivumba. Mzee mmoja mvuvi alinikaribisha barazani kwake siku tisa mfululizo. Alinitajia majina ya samaki, ya pepo na ya sehemu za chombo, akanisimulia safari za ujana wake, akiniita mwanangu kana kwamba nimezaliwa mtaa wa pili. Nilirudi na rekodi tisa. Wakati huo nilikuwa nimeanza kuzionea fahari amri zangu. Usiku mmoja nilitaka kufuta nakala za muda zilizojazana katika folda ile, zote zikiwa na kimalizio ".bak". Amri ya kufuta ni "rm", na nyota humaanisha "chochote". Nilipaswa kuandika "rm *.bak", yaani futa chochote kinachoishia kwa .bak. Kidole changu kikagusa kitenga-maneno baada ya nyota. Nikawa nimeandika "rm * .bak", yaani futa kila kitu, kisha ufute na kitu kiitwacho .bak.

Mtambo haukuniuliza lolote. Ulinijibu kwa mstari mmoja tu, ukilalamika kwamba haukukiona kitu kiitwacho .bak. Mengine yote uliyatekeleza kimya. Njia ya picha ingeniuliza iwapo nina hakika, na ingeziweka faili zangu katika kikapu ambamo ningeweza kuziokota. Amri ya "rm" haina kikapu. Nilikuwa na nakala za rekodi tatu kwingineko. Sita zilipotea.

Niliporejea Vanga baada ya miezi mitano, mjukuu wake alinipokea mlangoni akanieleza kwamba mzee alikuwa amefariki katika mwezi wa Ramadhani. Alinikaribisha nikae pale pale barazani. Sikuweza kumwambia yaliyozipata sauti za babu yake.

Ninasahihisha kazi za wanafunzi wanaoandika "ana kuja" badala ya "anakuja". Kila mwaka nimeizungushia nafasi hiyo wino mwekundu, nikieleza kwamba nafasi moja isiyostahili huikata nafsi ya neno. Halafu nafasi moja ikanikatia mimi siku sita za mzee ambaye hatarudi. Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Anayebofya hujikwaa kidole. Anayeamuru hujikwaa ulimi.

Je, basi ni ipi njia bora? Mjadala huu si mpya. Mwaka 1981 mwanasaikolojia Donald Norman, wa Chuo Kikuu cha California mjini San Diego, aliikosoa vikali Unix kwa majina yake ya ajabu na kwa ukimya wake. Alikuwa na haki. Amri ya kuonyesha yaliyomo katika faili huitwa "cat", ambalo kwa Mwingereza ni paka. Ile ya kutafuta huitwa "grep", ambalo si neno la lugha yoyote. Ni masalio ya alama za programu ya zamani ya kuhariria. Mwaka 1985, John Whiteside na wenzake watatu waliwapima watumiaji 76 kwa mifumo saba: mingine ya amri, mingine ya menyu, mingine ya aikoni. Waligundua kwamba aina ya mfumo haikuamua nani angefaulu wala nani angeupenda. Kilichoamua ni uangalifu wa walioutengeneza. Isitoshe, hawakuona kwamba ni lazima kilicho rahisi kujifunza kiwe kigumu kutumia, au kinyume chake.

Mimi nauafiki uamuzi huo kwa dhati. Kosa la usiku ule halikuwa la maandishi kama maandishi. Lilikuwa la chombo kilichoundwa bila kumwonea huruma anayekosea, na la mtu aliyekitumia bila kuweka nakala. Kosa la zile wiki saba halikuwa la picha. Lilikuwa langu, niliyejua kuna jembe ghalani nikamwacha mwanafunzi alime kwa vidole.

Na hapa ndipo ninapoufikia ujumbe wangu. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Njia ya picha ndiyo ukarimu wa siku mbili. Humkaribisha mgeni, humwonyesha pa kukaa, humwekea kila kitu mbele ya macho, humkinga asijikate. Huo ni ukarimu wa kweli wala haupaswi kubezwa. Lakini shule zetu zimewafanya wanafunzi wageni wa kudumu. Mtoto huanza na tabuleti katika darasa la kwanza, hufika kidato cha nne, huingia chuo kikuu, na bado ni mgeni anayenyoosha kidole. Mtaala wetu wa umilisi unautaja ujuzi wa kidijitali kuwa mojawapo ya umilisi wa kimsingi. Umilisi ni neno zito. Hatusemi mtu ni mmilisi wa Kiswahili kwa sababu anajua kunyooshea vitu kidole katika nchi ya Waswahili.

Wala tusidhani kwamba maandishi yamepitwa na wakati. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, ulimwengu mzima umekuwa ukiiandikia mitambo ya akili unde sentensi na kungojea majibu. Anayejua kusema hasa anachotaka, kwa mpangilio, pamoja na "zote", "isipokuwa" na "iwapo" zake, hufaidika. Asiyejua hupewa makapi. Tofauti ni kwamba amri ya zamani hutekeleza kile ulichokiandika, hata kama ni upuuzi, ilhali mitambo hii mipya hubahatisha ulichokusudia. Mwanafunzi aliyezoea ukali wa ile ya kwanza atakuwa makini zaidi mbele ya hii ya pili.

Tufanye nini basi? Sipendekezi somo jipya. Walimu wana mizigo ya kutosha. Napendekeza mambo matatu madogo. Kwanza, kila mwanafunzi wa shule ya upili iliyo na chumba cha tarakilishi afundishwe amri kumi: kuorodhesha, kuhama folda, kunakili, kutafuta, kuhesabu, kupanga na chache nyinginezo. Hazihitaji mashine ya kifahari, zimo tayari katika Windows, Macintosh na Linux japo majina hutofautiana, na zinaweza kuandikwa ubaoni hata siku umeme umepotea. Pili, ya kwanza miongoni mwazo iwe kunakili, na ya mwisho iwe kufuta. Mwanafunzi azoeshwe kuorodhesha kwanza atakachokifuta, akisome, ndipo afute. Mazoea hayo yangeniokolea rekodi sita.

Tatu, walimu wa Kiswahili waingie chumba hicho bila woga, kwani kazi ni yao vilevile. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo, tafsiri ya Kiswahili ya programu za ofisi za OpenOffice, baada ya juhudi kubwa ya wataalamu kutafsiri maelfu ya maneno ya menyu. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Lakini katika mfumo wa amri, kubatiza kitenzi jina la Kiswahili huchukua mstari mmoja. Katika mashine yangu nimeandika: alias futa='rm -i'. Tangu siku hiyo, mimi huandika "futa", na mashine huniuliza faili baada ya faili iwapo kweli nataka ifutwe. Nimeandika vivyo hivyo "tafuta", "hesabu" na "panga". Hebu fikirini darasa la kidato cha pili ambamo wanafunzi wanajadiliana kitenzi kipi cha Kiswahili kinafaa kwa kazi ipi, je, iwe "orodhesha" au "onyesha", kisha wanakiandika na mtambo unawatii. Hiyo ni semantiki, na kengele ya kipindi ikilia hawatatoka mbio.

Mwanafunzi wangu aliwasilisha rasimu yake mwezi uliopita. Katika ukurasa wa shukrani amenitaja. Nimeusoma mara mbili, na mara zote mbili nimekumbuka kwamba wiki saba zile hakuna shukrani inayoweza kumrudishia. Wiki iliyofuata niliweka saa mbili katika ratiba ya kozi yangu ya mbinu za utafiti. Hakuna aliyeniagiza. Wanafunzi 14 walikuja, wakafungua dirisha jeusi, wakaandika mstari wao wa kwanza. Mmoja aliacha nafasi mahali pasipostahili. Nilimsimamisha kabla hajabonyeza, nikavuta kiti, nikawasimulia habari za mzee wa Vanga.